Msizichome Karatasi za Mama

Panda daladala ya alfajiri kutoka Mbagala Rangi Tatu, siku yoyote, utasafiri na uchaguzi uliopita. Fundi ujenzi aliyesimama mlangoni kavaa fulana yenye uso wa mgombea wa zamani. Imefuliwa hadi mheshimiwa kabaki na jicho moja. Mama wa vitumbua kapakata beseni lililofunikwa kwa kanga ya kampeni, na bwana mwenye tai anatabasamu juu ya mvuke. Mbele, karibu na dereva, mtoto kalala mgongoni mwa mama yake kwa mbeleko ya chama fulani, shavu lake limeegemea paji la uso la mtu aliyewahi kuahidi maji ya bomba.

Nina tabia ya kuzihesabu nyuso hizo, kama watoto wanavyohesabu magari mekundu. Karibu zote ni za wanaume. Ni kweli kwamba tangu 2015, Samia Suluhu Hassan alipokuwa mgombea mwenza, na zaidi baada ya kuapishwa kuwa Rais Machi 2021, uso wa mwanamke umezoeleka kwenye kitambaa cha siasa. Lakini wale waliotangulia, waliopanda jukwaani wakati mwanamke kuomba kura kulikuwa kichekesho cha kijiweni, vitu vyao viko wapi? Sijakutana na hata kimoja ndani ya daladala. Wala si kwenye daladala tu.

Na kanga, jamani, ni vazi la mwanamke. Pindo, mji na jina, vyote hukaa mwilini mwake. Miaka yote hii mgongo wake umekuwa ubao wa matangazo wa kina baba, na ubao hauulizwi maoni. Siku mwanamke mwenyewe aliposimama kugombea, mara nyingi hakuwa na fedha za kuchapisha hata doti moja yenye sura yake.

Nauweka msimamo wangu mezani mapema, asije mtu akasema nilimzungusha. Vitu vya kampeni vya wanawake wa mwanzo kugombea, kuanzia ubunge hadi udiwani wa kata usiotajwa redioni, vikusanywe. Kazi hiyo ianzie majumbani, bila kusubiri barua kutoka wizarani. Na vya walioshindwa vitangulie kabla ya vya walioshinda.

Kauntabuku

Mama yangu mkubwa aligombea udiwani mwaka 2000. Katika kata yake hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Chama chake kilikuwa kidogo, hakina fulana za kugawa wala gari la matangazo. Alichofanya kwanza ni kununua kauntabuku na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu.

Nililisoma daftari lile nikiwa kijana, kwa kuibia ibia. Muuza chapati, shilingi 300. Fundi baiskeli, 500. Kina mama wa upatu, debe la mchele. Kulikuwa na jirani mmoja mwenye uwezo ambaye mbele ya jina lake pameandikwa "ameahidi". Neno hilo lilirudi kurasa nne, mbele ya jina lile lile, hadi ukurasa wa tano likakatwa kwa mstari mmoja mwekundu. Sijawahi kusoma uchambuzi wa siasa wenye ukali kama mstari ule.

Lakini fedha zilikuwa sehemu ndogo. Aliandika wazee gani wa kuamkiwa kabla ya kuingia mtaa fulani. Aliandika njia zisizopitika baada ya magharibi. Aliandika nyumba ambazo mume akiwepo usiongee na mke, na saa ambazo mume hayupo. Na kulikuwa na ukurasa wa matusi, upande mmoja tusi, upande wa pili jibu lake. Mmoja alimtupia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgombea mwanaume akipita nyumba kwa nyumba anasifiwa kwa unyenyekevu. Mwanamke akipita njia hiyo hiyo anajitembeza. Mama mkubwa alijibu, kwa kalamu ya buluu: muuza maji naye hujitembeza, na ninyi mna kiu.

Mpinzani wake aligawa kanga na sukari. Wakati huo sheria ya uchaguzi ilikuwa imefungua mlango wa takrima, mlango ambao Mahakama Kuu ilikuja kuufunga mwaka 2006. Mkono mtupu haulambwi, na wa mama mkubwa ulikuwa na kalamu tu. Alishindwa. Akarudi kwenye cherehani yake.

Alipofariki, baada ya arobaini, nyumba ilisafishwa. Kauntabuku, vipeperushi vilivyobaki, picha za mkutano, barua za chama, vyote vilibebwa uani pamoja na majani makavu ya mwembe vikawashwa moto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. "Makaratasi ya siasa ya mama," alisema shemeji yangu, na huku anapepea moshi kwa ungo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale uani daftari lenyewe ndilo lilikuwa mali.

Miaka michache baadaye mjukuu wake akataka kugombea katika kata jirani. Alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa ukoo, akauliza maswali ambayo majibu yake yote yaligeuka moshi. Aanzie kwa nani? Ajibu nini wakimwita malaya? Gharama gani hazikwepeki na zipi ni za kuliwa tu? Nilikumbuka vichekesho viwili na lile jibu la muuza maji. Binti akaanza sifuri, kama vile hakuna aliyemtangulia, na akiba ya saluni yake ikateketea kwenye makosa ambayo bibi yake alikwisha kuyalipia.

Jembe, nyumba na Bibi Titi

Kwa nini walioshindwa kwanza? Kwa sababu aliyeshinda ana wa kumtunzia. Jina lake liko kwenye Gazeti la Serikali, maneno yake kwenye kumbukumbu za Bunge, picha yake ukutani halmashauri. Aliyeshindwa ni tarakimu kwenye fomu ya matokeo. Kilichobaki kwake ni kile kilichokuwa mikononi mwa watu: kitambaa, kikaratasi, picha iliyopigwa mchana wa jua kali. Kikipotea hicho, hakugombea.

Tumtazame Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955, mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Bibi Titi, mwimbaji wa ngoma jijini Dar es Salaam, akashika kazi ya kuwaleta, akipita kwenye vikundi vya lelemama ambako wanawake tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao na sare zao za kanga. Hadi Oktoba mwaka huo wanawake 5,000 walikuwa wameingia chamani. Leo barabara kubwa katikati ya jiji ina jina lake. Wangapi kati yetu tunaokwama kwenye foleni ya barabara hiyo tunajua kwamba mwaka 1965 aligombea ubunge Rufiji akaangushwa?

Uchaguzi wa 1965 ni somo zuri kwa mkusanyaji, kwa sababu unamfundisha kutotafuta fulana. Chama kilikuwa kimoja, na karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Mikutano iliandaliwa na chama, wagombea wakasimama pamoja jukwaa moja na kuzungumza Kiswahili. Hakukuwa na nafasi ya mtu kujichapishia sura yake na kuimwaga mitaani. Aliyepewa jembe aliwakumbusha watu kinachowalisha. Aliyepewa nyumba aliwauliza jembe wanalilaza wapi. Uchaguzi ule uliwaangusha wakubwa wengi, akiwamo waziri wa fedha Paul Bomani, kwa hiyo Bibi Titi hakuwa peke yake. Lakini waziri wa fedha huacha mafaili.

Mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Sasa jiulize, msomaji, katika miaka ile ni nyumba ngapi zingethubutu kubakiza picha yake ukutani? Moto wa uani haukuanza na shemeji yangu. Wakati mwingine watu huchoma kwa kusafisha, wakati mwingine kwa hofu, na majivu hayatofautishi.

Tunachokijua vizuri kuhusu wanawake wale wa TANU tunakijua kwa sehemu kubwa kwa sababu mwanahistoria Susan Geiger alikaa nao akawasikiliza, akatoa kitabu mwaka 1997. Vinywa vilitunza kile ambacho masanduku hayakutunza. Bibi Titi mwenyewe alifariki Novemba 2000, na wengi wa wenzake nao wametangulia mbele ya haki.

Si Bibi Titi tu wa kukumbukwa. Mwaka 1958 Sophia Mustafa alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Arusha, katika uchaguzi wa ajabu ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Lucy Lameck wa Moshi akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika wadhifa serikalini. Hawa angalau walishinda. Lakini karatasi ya kura ya 1958, ile ya kuchagua watatu, ingemweleza mwanafunzi wa kidato cha pili maana ya ukoloni kwa dakika moja, vizuri kuliko sura nzima ya kitabu cha historia.

Na hapa niseme jambo ambalo litawaudhi rafiki zangu. Viti maalumu vimeongeza wanawake bungeni, hilo halina ubishi; tangu 2005 ni angalau asilimia 30. Ila mwanamke wa viti maalumu huomba kura kwa wenzake ndani ya ukumbi wa chama. Habandiki picha kwenye mnazi wa njia panda. Kwa hiyo tumepata wabunge wanawake wengi ambao mtaani hawakuacha hata alama ya gundi.

Mtu anayekimbia habebi mabango

Majirani zetu nao wana yao. Kisumu ilimchagua Grace Onyango mwaka 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, naye tayari alikuwa ameshika umeya wa mji huo. Mwaka 1974 Chelagat Mutai aliingia bungeni kutoka Eldoret akiwa hajafika miaka 30. Ulimi wake ulimfunga jela, na mwaka 1981 akakimbilia kwetu Tanzania. Mtu anayekimbia habebi mabango. Kama kuna nyumba Uasin Gishu yenye kikaratasi chake cha kampeni, basi pana mtu pale aliyekitunza kwa gharama.

Halafu 1997, wanawake wawili kwa mpigo wakawania urais wa Kenya, Charity Ngilu na Wangari Maathai. Ngilu alikuwa na maneno matatu yaliyoshika mdomoni, "Masaa ya Ngilu", na hata waliompinga waliyatamka, maana saa ni saa, mtu hawezi kuulizwa wakati bila kumkumbuka. Maathai alikosa urais na akakosa pia ubunge wa Tetu mwaka huo huo. Dunia inamjua kwa Nobel ya 2004 na miti. Mimi ningependa kukiona kipeperushi cha 1997, cha mama aliyeshindwa mara mbili kwa siku moja, kikiwa kwenye fremu shuleni Nyeri. Mtoto wa kike akikitazama atajifunza jambo ambalo medali haifundishi.

Wamarekani wamelifanya hili kuwa shughuli rasmi. Wana chama cha wakusanyaji wa vitu vya kampeni tangu 1945, na wapo wanaohangaikia beji za Shirley Chisholm, mwanamke mweusi aliyewania tiketi ya urais ya chama cha Democratic mwaka 1972 kwa maneno yenye maana kwamba hajanunuliwa wala hana bosi. Alishindwa. Lakini Januari 2019, Kamala Harris alipotangaza kuwania urais, rangi na herufi za mabango yake zilitengenezwa kwa kumkumbuka Chisholm. Mchoraji angeiga nini kama beji zile zingekuwa zimetupwa?

Panya, kodi ya nyumba na kufuli tatu

Nasikia wasomaji wakiguna. Tunalala watano chumba kimoja, huyu anatuambia tutunze makaratasi! Mguno huo ni halali. Nyumba ya kupanga haina stoo, mvua za masika zinaingia hadi chini ya kitanda, na panya wa Manzese hajali historia. Tena kanga imetengenezwa ivaliwe. Mwanamke aliyepewa kanga mpya akaikunja miaka 30 kwa ajili ya makumbusho huenda alikuwa na kanga nyingi kuliko mama yangu.

Kwa hiyo sisemi tutunze vyote. Kitunzwe kitu kimoja kwa mgombea mmoja, na maelezo yake. Maelezo ndiyo uhai wa kitu. Kanga isiyojulikana ilitoka kwa nani ni kitambaa cha zamani tu. Kanga yenye kipande cha utepe kilichoshonwa pembeni, kilichoandikwa nani aliivaa, mwaka gani, mkutano wa wapi, ni ushahidi. Andika kwa penseli, maana wino huchuruzika. Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki, itavuta unyevu na kuota ukungu. Ikunje ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa bila sabuni nyingi, na kila mwaka uibadilishe mikunjo isije ikakatika pale pale. Beji ya bati isikae karibu na chumvi ya bahari. Picha usiigandishe kwa gundi. Na wale wanaokimbilia kuweka karatasi za zamani ndani ya plastiki ya moto pale stationari, nawasihi waache, karatasi haiwezi kutolewa tena.

Mahali pa kutunzia? Sanduku la vikoba. Karibu kila mtaa una kikundi cha kina mama chenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu na washika funguo watatu wasioishi nyumba moja. Linatunza fedha, hisa na daftari. Nafasi ya bahasha moja ya mgombea wa kwanza mwanamke wa mtaa huo haikosekani. Makumbusho ya Taifa yana kazi yake, lakini yako mbali na Chanika, na mjukuu anayetaka kugombea hatapanda magari mawili kwenda kumuuliza bibi yake maswali kupitia kioo.

Msichague mazuri tu pia. Kile kipeperushi kibaya kilichochapwa usiku kumtukana mgombea, kinachomwita mwanamke aliyemshinda mumewe, hicho kitunzeni kuliko vyote. Sifa huandikwa na yeyote. Tusi linaonyesha waliogopa nini.

Na akija mtu wa kununua, kwa maana watakuja, siku hizi vitu vya zamani vina soko, angalieni anauliza nini kwanza. Anayeuliza bei kabla ya jina la aliyeivaa, mwambieni aende akanunue mpya Kariakoo.

Kitambaa cha marekani

Mwezi uliopita dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliuza ile cherehani. Mnunuzi aliipenda mashine lakini hakutaka kifuniko chake, kitambaa cheupe cha marekani kilichogeuka rangi ya chai kwa mafuta ya mashine. Dada akakikung'uta akitaka kukifanya dekio. Upande wa ndani ulikuwa na rangi.

Lilikuwa bango. Herufi nyekundu zimepakwa kwa brashi, na kwa kuwa marekani ni nyepesi, rangi imepenya hadi upande wa pili, kwa hiyo miaka 20 na zaidi jina la mama mkubwa lilikuwa likisomeka kinyumenyume pale sebuleni na hakuna aliyelisoma. Mchora mabango aliandika MCHAGUWE. Dada akakumbuka siku lilipoletwa. Mama alisimama kulitazama, akacheka hadi akakaa chini, akasema rangi imeshalipiwa, litundikwe hivyo hivyo, wapiga kura wake wengi nao walikuwa wanaandika hivyo.

Lina matobo mawili pembeni palipopita kamba, na doa la mafuta pale lilipokaa gurudumu la cherehani, katikati ya jina. Dada alitaka alifue kwanza ndipo anipe. Tulivutana kidogo mlangoni.

Sasa liko kwangu, halijafuliwa. Mjukuu wake anakuja Jumapili. Amesema kwa simu atabeba penseli na utepe, na anataka tumtafute yule fundi baiskeli, kama bado yuko hai, amuulize zile shilingi 500 alizitoa kwa nini.